Bei Imeamkaje?

Machi 5

Mvua ya kwanza imeshuka leo asubuhi nikiwa nafungua duka. Haikupiga ngurumo wala nini. Imeingia kama jamaa wa karibu, bila hodi. Mteja hakuna. Nimekaa kwenye benchi nikisugua pete ya fedha mpaka Mama akachungulia kutoka ndani.

"Unaongea na nani?"

"Na nyundo."

"Basi ongea na karatasi. Nyundo ina kazi yake."

Nyundo haina kazi siku hizi, lakini nimemtii, na ndiyo haya naandika.

Zamani, majira kama haya, duka hili halikuwa na pa kukanyaga. Wachumba walikuja kupimwa vidole huku wanachekacheka, mashangazi zao wakabishania uzito wa mkufu kana kwamba wananunua nyama. Baba alikuwa akiyeyusha dhahabu anapiga mluzi, wimbo uleule usio na mwanzo wala mwisho, nami niko pembeni yake najifunza usonara kwa masikio kabla ya mikono. Sasa Baba hayupo. Nyumbani tumebaki mimi na Mama, duka mbele, vyumba nyuma, na watu wananunua pete zinazokuja kwenye vifuko vya plastiki.

Machi 9

Kitinda amekuja na binti yake. Kitinda ni mdogo wangu wa mwisho. Jina hilo amelibeba mpaka ndevu zimeingia mvi, na wanafunzi wake wa hesabu wanalijua ingawa wanajifanya hawalijui. Binti yake tunamwita Profesa tangu alipokuwa mdogo kabisa, siku alipomuuliza daktari kama ana uhakika. Amepata nafasi chuo kikuu, uhandisi wa maji. Wanafungua mvua zikiisha. Mama amepiga vigelegele mpaka akashikwa na kikohozi.

Kitinda hakuja mikono mitupu. Amemnunulia Mama sarafu za mtandaoni, hizo bitcoin zinazosemwa kila mahali, kiasi kidogo tu, akamwekea kwenye simu.

Mama ameigeuza simu juu chini. "Ziko wapi?"

"Humo humo, Mama."

"Nikiitikisa zitalia?"

"Hazilii. Ila zinapanda. Tangu mwaka jana zimepanda maradufu."

"Hata moshi unapanda," nimesema mimi.

Profesa amecheka. Baba yake hakucheka. Ameniangalia kama ninavyomwangalia mteja anayeniletea shaba na kuniambia ni dhahabu ya bibi yake.

Machi 10

Mvua. Nimetoboa masikio ya mtoto mchanga. Amelia mtoto, amelia mama yake, na bibi yake akalia kwa kuwaona wanalia.

Machi 16

Mama ana ibada mpya. Kabla hata ya chai anampigia Kitinda simu. Hamsalimii vizuri, anauliza tu: "Bei imeamkaje?"

Kitinda akimwambia imeamka vizuri, Mama anakunywa chai vikombe viwili. Akimwambia imejikunja kidogo, anakunywa kimoja na kuniangalia kwa jicho la pembeni, kama mimi ndiye niliyeikunja.

Inanikera. Lakini lazima niseme ukweli. Tangu tumzike Baba, Mama alikuwa akiamka kwa sababu jua limetoka tu, siyo kwa sababu kuna kitu anakitaka. Siku hizi naamshwa na sauti yake.

Machi 22

Leo nimeaibika kidogo. Kuna mama mmoja anayeishi ng'ambo, mteja wetu wa zamani, aliyeniachia hereni za marehemu mama yake nizitengeneze. Nimemaliza, amenitafuta anilipe. Kupitia benki, makato yangemeza karibu nusu ya pesa na ingechukua wiki nzima. Akauliza, "Huna anwani ya sarafu za mtandaoni?" Nimecheka. Mama, kutoka ndani, akapaza sauti: "Mimi ninayo!"

Zimeingia kabla sijamaliza kufunga hereni kwenye karatasi. Kitinda amezibadilisha, pesa halisi ikaja kwenye simu yangu mchana huohuo, nikanunua gesi ya kuchomelea.

"Hewa imekununulia gesi," Mama amesema. Amekaa na maneno hayo mdomoni jioni nzima, anayanyonya kama peremende.

Machi 30

Mvua kubwa. Kitinda ameingia dukani kujikinga akitoka shuleni, na kwa kuwa wote tulikuwa hatuna pa kwenda, tumebishana mpaka basi.

"Niambie kitu kimoja," nimeanza mimi. "Nyuma ya hizo sarafu kuna nini? Nani anazidhamini?"

"Hakuna. Ndiyo uzuri wake. Zina idadi yake, haziongezwi. Serikali ikiishiwa inachapisha noti. Hizi hakuna wa kuzichapisha."

"Na bei yake inatoka wapi?"

"Kwa watu. Watu wakizitaka, zinapanda."

"Na wasipozitaka?"

Amenyanyua mkufu uliokuwa juu ya benchi. "Na huu je? Dhahabu hailiwi, haijengi ukuta, haiponyi homa. Watu walikubaliana tu kwamba ni kitu. Mimi na wewe tumelishwa na makubaliano hayo."

"Dhahabu naishika."

"Mshahara wangu hujaniona nikiushika. Unaingia kwenye simu, unatokea hukohuko."

Hapo amenibana. Nikashika njia nyingine. "Lakini muuza mchele ataandika bei gani kwa sarafu zako? Ya asubuhi au ya jioni? Kitu kinachorukaruka hivyo siyo pesa, Kitinda. Pesa inatakiwa itulie ili mtu apange maisha."

"Basi siyo pesa ya mchele. Ni akiba."

"Akiba ya nini?"

Amelinyanyua begi lake. Amesema mvua imepungua, na wala haikuwa imepungua. Nimemwangalia akivuka barabara amejifunika begi la vitabu kichwani. Baba alikuwa akitembea hivyohivyo kwenye mvua, mabega juu, kama mtu anayebeba kitu kisichoonekana.

Aprili 4

Imepanda tena. Mama amewaahidi watu watano viatu.

Aprili 11

Paa la duka linavuja juu kabisa ya benchi. Nimeweka ndoo, na mlio wa matone umenirudisha mbali.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Mvua kama hii. Baba aliniita dukani, akachukua mikono yangu miwili, akaigeuza chini ya taa, akasema: "Mikono hii haistahili kushika chaki. Mikono hii ni ya sonara." Sare yangu ilikuwa bado inakauka kwenye kamba. Sikurudi shule. Nililia siku ya kwanza, ya pili nikashika tupa ya kusugulia, na kufikia mwisho wa mvua nilikuwa natengeneza kikuku chembamba kuliko unywele wa mtoto. Baba alikionyesha kwa kila aliyepita. "Binti yangu huyu," alisema. "Nimemchagua mwenyewe."

Kila maisha yalipoenda mrama, hata ndoa yangu ilipovunjika, nililishika neno hilo. Nilichaguliwa. Wangapi wanaweza kusema hivyo?

Aprili 17

Asubuhi Mama ameuliza, "Bei imeamkaje?" Kisha akasikiliza, simu sikioni. Alipoikata nimemuuliza kuna nini.

"Haikuamka vizuri," akasema.

Aprili 18

Imeshuka tena. Redio imesema wengi wanauza kwa sababu wengi wanauza.

Aprili 20

Kitinda hapokei simu. Mama amekunywa chai nusu kikombe.

Aprili 22

Nitaandika yote.

Mchana, mvua ikimwagika, wifi yangu ameingia dukani, viatu mkononi, gauni limemgandia. Mke wa Kitinda ni mshonaji, mwanamke asiyepandisha sauti hata kwa mteja asiyelipa. Amekaa kwenye kiti cha wateja, maji yanamchuruzika sakafuni, akasema taratibu:

"Wifi, hela ya chuo haipo."

Sikumwelewa. Akanieleza. Hela waliyokuwa wanaiweka kidogo kidogo kwa ajili ya Profesa, yeye kwa cherehani na mumewe kwa masomo ya ziada ya jioni, tangu mtoto hajaota meno ya pili. Ilitosha mwaka wa kwanza na bweni. Kitinda aliona mwaka mmoja haitoshi, alitaka iwe ya miaka yote minne. Bila kumwambia mkewe aliitia yote kwenye zile sarafu. Zilipopanda aliona ameshafika. Sasa kilichobaki hakifiki hata nusu, na chuo kinataka ada kabla ya kufungua.

"Profesa anajua?"

"Ndiye aliyemwona baba yake amekaa jikoni ameshika simu, analia. Amemwambia, 'Baba, nitasubiri mwaka ujao, siyo neno.' Wifi, mimi nilisubiri mwaka ujao nikiwa na umri wake. Mpaka leo haujafika."

Kitinda alikuwa amemfuata. Nimemwona amesimama mlangoni, nusu nje nusu ndani, mvua inampiga mgongoni. Na mimi nimelipuka. Nimemwita majina ambayo sitayaandika. Nimemwambia alikuwa na akili za kufundisha watoto wa watu, za mtoto wake zimemshinda. Kisha nikasema lile nililoona ni zito kuliko yote:

"Baba angekuwa hai angekufa kwa aibu! Baba hakucheza kamari na ada ya mtoto!"

"Nyamaza," Mama akasema.

Hatukumsikia akiingia. Alikuwa ameshikilia mlango wa ndani kwa mkono mmoja.

"Mama, wacha nimwambie ukweli—"

"Ukweli huujui. Kaa chini."

Nimekaa. Hata Kitinda amekaa, juu ya sanduku la mkaa, kama mtoto.

"Unadhani ulitoka shule kwa sababu ya mikono yako?" Mama ameniuliza.

Nimeitazama mikono yangu.

"Mwaka ule dhahabu ilikuwa inapanda kila siku. Redio ilikuwa inaitangaza kama matokeo ya mpira. Baba yako alikuwa ameuza shamba la baba yake, amepata ada yako yote, mpaka umalize. Akasema akinunua dhahabu sasa, mwisho wa mwaka itakupeleka mpaka chuo kikuu. Nikamwambia mimi sijui mambo hayo. Akanunua. Ikapanda wiki mbili, akaninunulia viatu. Kisha ikaanza kushuka. Nikamwambia uza. Akasema itarudi. Ikashuka tena. Nikapiga magoti, mwanangu, hapo ulipokaa, nikamwambia uza, mtoto arudi shule na hicho kilichobaki. Akasema, 'Nikiuza sasa ndiyo nitakuwa nimepoteza kweli.'"

"Lakini mikono yangu..."

"Mikono yako ilikuwa mizuri. Hilo hakukudanganya. Lakini siyo mikono iliyokutoa shule."

Kisha ameonyesha kasha la chuma kwenye kona. Nilijua anaonyesha nini. Chini kabisa mle kuna kipande kinene cha dhahabu kisichofanyiwa kazi. Baba aliniachia alipokuwa anakata roho, akasema ni changu, nisikiyeyushe. Kwa miaka yote hii, hata miezi ambayo sikuuza pini, sikukigusa. Nilikiona kama mkono wake juu ya kichwa changu.

"Ndicho hicho," Mama akasema. "Ndiyo ada yako. Na bei ilirudi. Baba yenu alikuwa sahihi, ilirudi na ikapita palepale ilipokuwa, tena mbali. Lakini ilichukua miaka karibu thelathini. Bei ilirudi. Wewe ndiye hukurudi."

Wifi amelia. Kitinda alikuwa anaangalia miguu yake. Mimi nimeinuka, nimekwenda chumbani, nimefunga mlango.

Aprili 23

Sijafungua duka.

Aprili 24

Sijafungua.

Aprili 25

Mama ameniwekea uji mlangoni. Hakubisha. Nimeunywa.

Aprili 28

Nimefungua duka, si kwa ajili ya wateja. Nilitaka kukaa pale Baba aliposimama akashika mikono yangu.

Ninakumbuka vitu ambavyo sikujua ninavikumbuka. Mwaka ule Baba aliacha kupiga mluzi. Nilidhani ni uzee, na wala hakuwa mzee, alikuwa mdogo kuliko Kitinda wa leo. Kila jioni alinunua gazeti, akafungua ukurasa wa mwisho tu, akapitisha kidole kwenye safu ya bei, akalikunja. Nilidhani anatafuta matokeo ya bahati nasibu. Na siku moja nilimkuta ameshika sare yangu, ameikunja vizuri kama mama anavyokunja nepi, hajui aiweke wapi. Aliponiona alisema, "Tutampa mtu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mgongo wake haukuwa wa kawaida, ndiyo maana nimeukumbuka.

Nina hasira naye, na hasira haina pa kwenda, mwenyewe yuko chini ya udongo. Halafu nashika tupa, naanza kulainisha ukingo wa bangili, mikono inafanya mambo yake bila kuniuliza, na ninajikuta nasikiliza kama atapiga mluzi. Nimemkumbuka leo kuliko siku tuliyomzika. Sijui nifanye nini na hilo.

Mei 2

Nimemfuata Kitinda shuleni kwake. Ilikuwa mapumziko, wanafunzi wamejazana barazani kwa sababu ya manyunyu. Ameniona akataka kukimbilia ofisini. Nimemshika mkono.

"Sikuja kukugombeza."

Tumesimama nyuma ya maabara, chini ya kipande cha paa.

"Nilikuwa na uhakika, Dada," akasema. "Sikucheza. Nilisoma, nilipiga hesabu, nilichora hata michoro. Nilikuwa na uhakika."

"Najua. Na Baba alikuwa na uhakika."

"Tofauti yetu ni nini basi? Yeye bei ilirudi."

"Tofauti hakuna. Huenda na zako zitarudi. Sikatai tena, mimi nani? Lakini Profesa anataka kuingia darasani mwezi huu. Zilizobaki uza."

"Nikiuza sasa ndiyo nitakuwa nimepoteza kwe..."

Hakumaliza. Ameisikia mwenyewe. Amejifunika mdomo kwa mkono wenye vumbi la chaki, na macho yake yalikuwa yale ya siku nilipomfundisha kuendesha baiskeli akaanguka, anaangalia kwanza kama nitacheka.

Sikucheka. Nimemwambia, "Wewe uza zako, na mimi nitauza yangu."

"Dada, hapana. Ile ni ya Baba."

"Ile ni ada. Haijawahi kuwa kitu kingine."

Kengele imelia. Ameingia darasani ana alama ya chaki mdomoni, na wanafunzi wamekuwa waungwana, hakuna aliyemwambia.

Mei 6

Nimekipeleka kile kipande kwa mnunuzi wa jumla, mzee aliyekuwa akifanya biashara na Baba. Ukutani ana kioo kinachoonyesha bei, namba zinabadilika kila mara, nyekundu, kijani, nyekundu, sawasawa na simu ya Mama. Sikuwahi kuona hilo, ingawa nimeingia pale mara nyingi.

Amekipima, akakisugua, akanitazama juu ya miwani.

"Safi sana hii. Mbona hukuwahi kuiyeyusha?"

"Nilidhani ni zawadi."

"Kumbe?"

"Ilikuwa ada ya shule."

Amefikiri natania. Amecheka, nami nimecheka naye, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Nilipotoka nje nilitegemea nitajuta. Nimetembea mpaka mtaa wa pili nikijitafuta, majuto sikuyaona. Nimeona njaa. Nimenunua mahindi ya kuchoma, nimekula nimesimama, mvua inaninyeshea.

Mei 9

Ada imelipwa, mwaka wa kwanza na wa pili, na bweni. Miaka miwili ya mwisho Kitinda amesema ni ya kwake, atafundisha jioni mpaka sauti ikauke. Wifi amesema kuanzia sasa simu ya mumewe ni ya wote wawili. Kitinda ameitoa bila kuambiwa mara mbili.

Nimemuuliza Mama kama naye tumuuzie sarafu zake.

"Za nini? Zangu ni kidogo, hazimsomeshi mtu. Hizi ni za kuamkia."

"Na zikiisha kabisa?"

"Nitatafuta kitu kingine cha kuuliza. Mtu akikosa cha kuuliza asubuhi ndiyo amekwisha."

Sijui kama sarafu zile zina thamani. Mwezi Machi nilikuwa najua, tena vizuri sana. Zimenilipa hereni haraka kuliko benki, na zimemliza ndugu yangu jikoni, vyote ndani ya mvua hizihizi. Na mimi nimeishi na kitu chenye thamani ambayo hakuna anayeibishia, nimekifuta vumbi miaka yote, na hakikunifaa lolote mpaka siku nilipokitoa mkononi. Kitinda alisema ni makubaliano ya watu. Labda. Ila kuna watu hawakuulizwa wenzao walipokuwa wanakubaliana, na wengi wao walikuwa wamevaa sare za shule.

Mei 13

Jua nusu siku. Nimeanika kila kitu.

Mei 18

Tumemsindikiza Profesa kituo cha mabasi. Mvua zimekwisha, barabara imebaki na madimbwi yanayoakisi mbingu, na watu wanayaruka badala ya kuyazunguka. Mama amemwekea shingoni maneno ya baraka mengi mpaka mpiga debe akaomba yaendelee dirishani. Wifi amehesabu mizigo, akakosea, akahesabu tena. Kitinda alimkumbatia binti yake, Profesa naye akampigapiga mgongoni kama yeye ndiye mzazi.

Basi lilikuwa bado halijajaa. Nimepanda ndani kumsaidia kuweka begi juu. Nilikuwa nimeshageuka nishuke, akaniita.

"Shangazi. Ulipokuwa shule, ulikuwa unataka kusomea nini?"

Nimesimama pale kwenye njia ya katikati, watu wananipita na magunia. Sikumbuki mtu yeyote kuniuliza hilo, si Baba, si Mama, si mume niliyekuwa naye. Nilidhani sina jibu tena. Lakini lilikuwepo, zima kabisa, kama kitu nilichokiweka jana.

"Jiografia," nimemwambia. "Nilitaka kujua mvua inatoka wapi."

Profesa hakucheka. Ameondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, akanionyesha nikae, na kwa kuwa dereva alikuwa bado anakunywa chai yake, akaanza kunieleza.